Sura ya 5: Wafuasi Wapo, Wanaoona Hawapo

Muulize mtu yeyote anayeuza magauni, keki, vipodozi au viatu vya mtumba kupitia Instagram na Facebook, awe Kariakoo, Eastleigh au Mwanza, atakujibu lile lile: siku hizi posti haziendi. Zamani alikuwa akiweka picha ya gauni saa mbili usiku, na kabla hajalala simu imejaa watu wanaouliza bei. Leo wafuasi wameongezeka maradufu, simu anayopigia picha ni nzuri kuliko ile ya kwanza, lakini wanaouliza ni wa kuhesabu vidoleni. Wapo wanaoamini akaunti zao zimebanwa kwa kosa wasilolijua. Wapo wanaosingizia hali ya uchumi. Wengi, na hao ndio wanaonisikitisha zaidi, hujilaumu wenyewe: pengine sijui kupiga picha, pengine maneno yangu hayavutii, pengine sina bahati ya biashara.

Niseme mapema kwamba wengi wao hawana kosa. Jambo hili lina historia, lina tarehe, na lilianzia mbali na Kariakoo. Wafanyabiashara wa Marekani walilia kilio hiki hiki zaidi ya miaka kumi iliyopita, na majibu waliyopewa wakati ule yanatufaa sisi leo kuliko semina nyingi za kukuza akaunti zinazouzwa huko huko mtandaoni.

Facebook ilifungua kurasa za biashara Novemba 2007. Mlisho, yaani ule mfululizo wa habari unaokutana nao ukifungua tu, ulikuwa na umri wa mwaka mmoja na kidogo. Ulianza Septemba 2006. Kuwa na ukurasa ilikuwa bure. Mtu akikubali kuwa shabiki wa mgahawa wako, habari za mgahawa zilichanganyika na habari za dada yake na rafiki zake wa shule. Mlisho haukuwahi kuonyesha kila kitu. Tangu mwanzo ulikuwa ukichagua, ila vya kuchagua vilikuwa vichache na mwenye mgahawa hakuona tofauti.

Kisha ikaja biashara ya kukusanya wafuasi. Facebook iliuza matangazo ambayo kazi yake ilikuwa moja tu, kumfanya mtu abofye "Like" kwenye ukurasa wako. Makampuni makubwa na maduka madogo yalitoa fedha zao yakanunua matangazo hayo, kwa hesabu ambayo mfanyabiashara yeyote angeikubali: nikimpata mtu huyu leo kwa gharama, kesho na keshokutwa nitazungumza naye bila gharama. Hapa namwomba msomaji atulie kidogo, maana uzito wa malalamiko yote yaliyofuata uko kwenye hesabu hiyo. Ni kama mtu aliyelipa kilemba cha fremu akijua amepata mlango unaotazama barabara, halafu mwenye jengo akajenga ukuta mbele ya mlango huo, akaweka geti, na kila mteja anayepita getini akawa na ushuru wake.

Februari 2012 Facebook yenyewe ilisema kwamba chapisho la ukurasa huwafikia, kwa wastani, asilimia 16 ya mashabiki wake. Ilisema hivyo ikiwauzia wenye kurasa njia ya kuongeza asilimia hiyo. Mei 18 mwaka huo hisa za kampuni ziliingia sokoni kwa dola 38, na mwezi huo huo kitufe cha kulipia chapisho ili lisukumwe kikaanza kuonekana kwenye kurasa. Mwanzoni mwa Septemba hisa moja ilikuwa imeporomoka hadi chini ya dola 18. Wawekezaji walitaka kujua fedha zitatoka wapi, hasa kwenye simu, ambako watu walikuwa wanahamia kwa kasi na kampuni ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuweka matangazo. Skrini ya simu ni ndogo, haina pembeni pa kubandika tangazo. Nafasi pekee ilikuwa katikati ya mlisho, pale pale yalipokuwa yakipita machapisho ya bure.

Malalamiko yalianza mwaka huo huo. Novemba 2012 Mark Cuban, aliyekuwa mmiliki wa timu ya kikapu ya Dallas Mavericks, aliweka hadharani bei aliyoonyeshwa: dola 3,000 ili chapisho moja liwafikie watu milioni moja. Cuban ni bilionea, angeweza kulipa. Hoja yake ilikuwa kwamba haoni kwa nini aendelee kujenga hadhira mahali ambapo ataikodi kila anapotaka kuzungumza nayo. Desemba 2013 gazeti la Ad Age likaripoti waraka wa mauzo wa Facebook uliokiri kwamba machapisho ya bure yataendelea kuwafikia watu wachache zaidi kadiri muda unavyokwenda. Miezi michache baadaye kampuni ya matangazo ya Ogilvy ilitoa hesabu ya kurasa zaidi ya 100 za makampuni ilizokuwa ikizifuatilia. Oktoba 2013 chapisho lilifikia asilimia 12 ya mashabiki. Februari 2014, asilimia 6. Kwa kurasa zenye mashabiki zaidi ya 500,000 ilikuwa asilimia 2. Maana yake, mwenye mashabiki nusu milioni alizungumza na watu 10,000.

Juni 2014 Brian Boland, aliyekuwa akisimamia mambo ya matangazo Facebook, aliandika maelezo marefu kuwajibu wafanyabiashara. Alisema mtu wa kawaida akifungua Facebook kuna habari kama 1,500 zinazoweza kuonyeshwa kwake, na mwenye marafiki na kurasa nyingi anaweza kuwa na hadi 15,000. Hakuna anayeweza kuzisoma. Mfumo unachagua kama 300 na kuzipanga kwa jinsi unavyodhani zitamgusa. Kurasa zinaongezeka, watu wanapenda kurasa nyingi zaidi, lakini saa za siku haziongezeki, kwa hiyo kila ukurasa lazima upate kidogo.

Maelezo hayo ni ya kweli, na anayeyakataa anajidanganya. Ukifuata akaunti 800 huwezi kuziona zote hata ukikesha. Hata kama kesho mitandao yote ingerudi kwenye utaratibu wa kuonyesha kila kitu kwa mpangilio wa saa, muuza magauni wa Kariakoo bado angefunikwa na wauza magauni wenzake waliochapisha dakika tano baada yake. Ushindani wa macho ni halisi.

Lakini maelezo ya Boland yanaeleza kwa nini kuna kuchagua. Hayaelezi kwa nini anayechagua achague hivi na si vile. Mtu aliyebofya kwamba anautaka ukurasa wako ametamka jambo kwa kidole chake mwenyewe, na tamko hilo lingeweza kupewa uzito mkubwa au mdogo. Lilipewa mdogo, na ukazidi kupungua, katika miaka ile ile ambayo nafasi za kulipia ziliongezeka ndani ya mlisho. Mapato ya Facebook yalikuwa kama dola bilioni 5.1 mwaka 2012, bilioni 12.5 mwaka 2014, na bilioni 40.7 mwaka 2017, sehemu kubwa mno ikitokana na matangazo. Sihitaji kuamini njama yoyote ili kuona uhusiano. Kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa ilikuwa na bidhaa moja ya kuuza, yaani nafasi mbele ya macho ya watu, na bidhaa hiyo hiyo ilikuwa ikigawiwa bure mlango wa nyuma. Ikapunguza mgao wa bure. Ninachokipinga mimi ni kwamba walioathirika walikuwa wameshalipa mara moja kukusanya wale watu, na hakuna aliyewaambia walipokuwa wanalipa.

Mwishoni mwa Machi 2014 Eat24, kampuni ya California ya kuagizia chakula kwa mtandao, iliandika barua ya wazi kuiaga Facebook kama mtu anavyomuaga mpenzi. Ilikuwa na mashabiki zaidi ya 70,000. Barua ilisema, kwa ufupi: umebadilika, na sasa unataka tukulipe ili tuzungumze na marafiki zetu wenyewe. Brandon McCormick wa Facebook aliwajibu hadharani kwamba duniani kuna mambo mazito, kuna rafiki aliyejifungua, na watu wanapenda kuona hayo kuliko picha za sushi.

Jibu hilo nimelifikiria sana. Kwa upande mmoja ana haki: mtoto wa rafiki yangu ni mkubwa kwangu kuliko sahani ya chakula. Ila sahani ile ile ya sushi ingelipiwa, ingepita juu ya picha ya mtoto bila kuulizwa. Kipimo cha umuhimu kilikuwa na mlango wa pembeni, na ufunguo wake ulikuwa fedha. Eat24 waliufuta ukurasa wao kweli. Walikuwa na kitu ambacho wafanyabiashara wengi hawana: orodha ya barua pepe za wateja wao, na programu yao wenyewe kwenye simu za wateja hao. Februari 2015 Yelp iliinunua kampuni hiyo kwa dola milioni 134. Kuondoka hakukuwaua, kwa sababu anwani za wateja zilikuwa mikononi mwao.

Wa upande wa pili walikuwa LittleThings, kampuni ya New York iliyozaliwa kutokana na biashara ya kuuza chakula cha wanyama wa nyumbani mtandaoni. Waligundua kwamba habari na video za kutia moyo zinasambaa sana Facebook, wakaacha chakula cha mbwa wakawa chombo cha habari chenye mamilioni ya wafuasi. Januari 11, 2018 Mark Zuckerberg alitangaza kwamba mlisho utawapendelea ndugu na marafiki, na kwamba watu wataona machapisho machache zaidi ya biashara na vyombo vya habari. Februari mwaka huo huo LittleThings ilifunga milango. Wenyewe walisema wamepoteza kama robo tatu ya wasomaji waliokuwa wakiwapata bila kulipia. Watu wapatao 100 walikosa kazi.

Kuna jaribio moja ambalo halisimuliwi vya kutosha huku kwetu. Oktoba 2017 Facebook ilizichukua nchi sita, Sri Lanka, Guatemala, Bolivia, Kambodia, Serbia na Slovakia, ikayaondoa kabisa machapisho ya kurasa kwenye mlisho wa kawaida na kuyapeleka kwenye sehemu ya pembeni. Kwenye mlisho yalibaki ya marafiki na yaliyolipiwa. Mwandishi wa habari wa Slovakia, Filip Struhárik, alionyesha kwamba kurasa kubwa za habari nchini mwake zilipoteza ghafla sehemu kubwa ya laiki na komenti zao. Zilibaki kama robo. Jaribio lilisitishwa Machi 2018. Nchi zilizochaguliwa ni ndogo, au ni maskini, au vyote viwili, na hazikuulizwa. Mfanyabiashara wa Dodoma au Kisumu ayaweke hayo akilini anapopanga mtaji wake wote kuuegemeza kwenye ukurasa mmoja.

Instagram, ambako wafanyabiashara wetu wengi wako, ilifuata njia hiyo kwa kuchelewa. Facebook ilikubali kuinunua Aprili 2012 kwa dola bilioni moja, na kwa miaka minne picha ziliendelea kupangwa kwa saa: ya sasa juu, ya jana chini. Machi 2016 ilitangaza kwamba itazipanga kwa kadiri mtu anavyoweza kuvutiwa nazo, ikisema watu hukosa wastani wa asilimia 70 ya yaliyomo kwenye mlisho wao. Mwezi huo dunia nzima ilijaa picha za kuwaomba wafuasi wabofye "washa taarifa". Ndipo ilipokufa ile desturi ya kuchapisha saa mbili usiku ukajua watu wako wataona kwa kuwa wamefungua simu saa mbili usiku.

Kilichokuja baadaye ni kikubwa zaidi, na sidhani wauzaji wengi wamekielewa. TikTok ilionyesha kwamba mtu anaweza kuburudishwa na watu asiowafuata kabisa. Instagram ikaleta video fupi za Reels mwaka 2020. Julai 2022 Zuckerberg aliwaambia wawekezaji kwamba kama asilimia 15 ya anachokiona mtu kwenye mlisho wa Facebook kinatoka kwa akaunti asizozifuata, na kwamba kiwango hicho kingezidi mara mbili kufikia mwisho wa 2023. Kufuata, lile jambo ambalo mamilioni ya watu waliombwa walifanye kwa ajili ya biashara zenu, limeshushwa thamani tena.

Chukua simu yako ufungue takwimu za video yako moja iliyofanya vizuri. Kuna mahali panapogawanya waliofikiwa: wafuasi upande huu, wasio wafuasi upande ule. Kwa video iliyosambaa, upande wa wasio wafuasi mara nyingi ndio mkubwa. Kijana aliyefungua akaunti juzi akiwa Mbeya anaweza kuonekana na watu wengi kuliko duka la miaka kumi, na hilo ni jema, nisiliseme vibaya. Lakini angalia walikotoka. Muuza keki wa Mbeya akitazamwa na watu wa Nairobi, Muscat na Toronto anapata laiki na salamu; keki haipandi ndege. Wale wa Soweto na Mwanjelwa, mitaa ya huko huko Mbeya, waliomfuata kwa sababu wanaweza kufika dukani, ndio huenda hawakuiona.

Wauzaji wamejibu kwa akili zao. Ile tabia inayowaudhi wateja wengi, ya kuandika "bei njoo inboksi", ina sababu zaidi ya moja, na mojawapo ni kwamba kila komenti ya "bei gani?" inauambia mfumo kuwa chapisho lina uhai. Zile posti za "Andika Amina" na "Like kama unampenda mama yako" zinatoka kwenye hesabu hiyo hiyo. Desemba 2017 Facebook ilitangaza kwamba itayashusha machapisho yanayoomba laiki na komenti kwa namna hiyo, na nadhani ilifanya sawa. Ushauri wangu kuhusu bei ni mwepesi: iandike. Mteja aliyechoka kuuliza haachi ujumbe kukuambia amechoka.

Baada ya kuhangaika huko kote, wengi huishia kulipia. Kwa Tanzania kazi hii imezaa ajira yake: kijana mwenye kadi ya benki inayokubali malipo ya nje, anayepokea fedha zako kwa simu na kukubusti kwa dola. Wengine wanajua kazi yao vizuri. Wengine wanabofya kitufe kilichoko chini ya chapisho, wanachagua "Tanzania nzima", na wanakuletea picha ya skrini yenye maelfu ya watu. Muulize amelenga mji gani na umri gani, na ni wangapi waliotuma ujumbe. Tangazo linauzwa kwa mnada. Dau lako hupimwa pamoja na uwezekano kwamba anayeliona atachukua hatua, kwa hiyo tangazo linalomvutia mteja huwa rahisi kuliko lisilomvutia, hata kama fedha ni zile zile. Anayelipia matangazo bila kujua faida anayopata kwa gauni moja anacheza kamari na mtaji. Anayejua, na akaona ujumbe mmoja wa mteja unamgharimu kiasi anachokimudu, alipe bila aibu. Ni gharama ya biashara kama kodi ya fremu.

Ila ahakikishe analipia mtu mmoja mara moja tu. Mteja aliyeletwa na tangazo akishanunua, namba yake ya simu iwe mali ya duka. Hapa tunawazidi wale wa Eat24 waliokuwa wakitegemea barua pepe: sisi ni watu wa simu, na anayenunua kwetu mtandaoni karibu siku zote ameshapiga au ameshatuma ujumbe wa WhatsApp. Wauzaji wengi wanaoweza kukaa wiki nzima bila kuchapisha chochote, na oda zikaendelea kuingia, wanaishi kwa Status na orodha za matangazo za WhatsApp. Zina masharti yake. Orodha moja hubeba watu 256, na ujumbe humfika yule tu aliyeihifadhi namba yako. Status nayo haionekani mpaka kila mmoja awe amemhifadhi mwenzake. Ndiyo maana ile sentensi "naomba uniseve" inafaa kusemwa kila mara, mteja akiwa bado ameshika mzigo mkononi. Na aulizwe kama anakubali kutumiwa taarifa za bidhaa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mteja aliyekubali mwenyewe ndiye anayenunua.

Na mahali hapo napo si pa kulala usingizi. WhatsApp ni ya kampuni ile ile, iliyoinunua mwaka 2014 na ambayo tangu 2021 inaitwa Meta. Juni 2025 ilitangaza kuanza kuweka matangazo kwenye ukurasa wa Taarifa, palipo na Status. Mazungumzo ya mtu na mtu hayajaguswa. Lakini kati ya Status ya shangazi na Status ya duka lako sasa kuna nafasi inayouzwa, na wanaoinunua wana fedha kuliko wewe. Kwa hiyo orodha ya namba isikae kwenye WhatsApp peke yake. Iandikwe kwenye daftari, au kwenye jedwali lililohifadhiwa mahali ambapo simu ikiibwa au akaunti ikifungwa halipotei: jina, namba, alichonunua, saizi yake, mtaa anaokaa. Ukiwa na hayo unaweza kumtumia ujumbe mfupi wa kawaida wa simu, usiohitaji bando la intaneti wala ruhusa ya mlisho wowote, kumwambia mzigo mpya wa saizi yake umefika.